Mahali Pasipoingia Rangi

Shadia binti Hamdani alikuwa na ugonjwa mmoja ambao dawa yake haipatikani hospitali yoyote ya Kigoma. Akiona kitu chenye pembe, anataka kukitia rangi. Atasimama njiani akitazama bati la jirani, macho yakishuka kwenye pembe zake, moja baada ya nyingine, hadi yarudi yalikoanzia, halafu anamimina. Kichwani tu, lakini. Bati linakuwa la samawati, ua unakuwa wa machungwa, kivuli cha ukuta kinageuka zambarau. Watu wakimsalimia anachelewa kuitikia, na wao, maana midomo ya Ujiji haina likizo, wakaeneza kwamba binti wa Mzee Hamdani amepandwa na majini ya kwenye kompyuta.

Majini hayakuwapo. Kulikuwa na laptopu ya mtumba, yenye ufa pembeni mwa kioo, na mwanamke wa miaka thelathini na ushei, aliyeachika, aliyerudi kwao kumtunza baba. Kazi yake ya mchana ilikuwa kwenye duka la kutoa kopi karibu na soko. Alipiga picha za pasipoti, alichapa kadi za harusi, aliwapigia watu vyeti vyao plastiki visiliwe na mende. Kazi ya heshima, ila haina ndoto ndani yake, na Shadia bila ndoto hali ugali ukashuka.

Ndoto aliipata siku yalipoletwa mafunzo ya bure ya kuandika programu. Yalitangazwa kuwa ya vijana, naye akaenda hivyohivyo, akakaa mbele, na wale watoto wa mjini wakamwita shangazi tangu siku ya kwanza. Wenzake walitaka kutengeneza michezo ya kwenye simu, watajirike kabla ya mwezi kwisha. Yeye alinasa kwenye somo moja, basi, hakutoka tena.

Somo lenyewe ni hili. Kuna furushi la amri ambalo watu wengine, wa huko waliko, walishaliandika zamani. Wataalamu wanaliita maktaba, ingawa halina kitabu hata kimoja. Wewe unaita amri kwa jina lake, nayo inakuja kukufanyia kazi. Aliyoipenda Shadia ilikuwa amri ya kujaza umbo. Unaipa pembe: ya kwanza hapa, ya pili pale, ya tatu kule, kwa mpangilio wa mtu anayetembea kuzunguka mahali. Inaziunga kwa mistari, inarudi kufunga ilikoanzia. Kisha unaiambia ijaze, na rangi inaenea pole pole hadi ukingoni, haimwagiki nje hata tone. Shadia alipoiona mara ya kwanza alishika shavu akakaa hivyo mpaka darasa likaisha.

"Inajuaje kwamba hapa ni ndani na pale ni nje?" aliuliza siku iliyofuata.

Mwalimu wao, Martini, kijana mpole wa kutoka Simbo, alifurahi kuulizwa. Akachora ubaoni. "Inasimama kwenye nukta moja, shangazi, halafu inatoka moja kwa moja kwenda nje, ikihesabu imevuka mpaka mara ngapi. Ikivuka mara moja, ilikuwa ndani. Ikivuka mara mbili, inajihesabu kwamba ilikuwa nje, kwa hiyo haitii rangi."

"Hata kama imezungukwa pande zote?"

"Hata kama imezungukwa. Ikizungukwa mara mbili, inaachwa."

Jibu hilo lilimkaa Shadia rohoni bila sababu. Akawa analibeba sokoni, analibeba jikoni, akichambua dagaa anajiwa nalo. Kwamba kitu kinaweza kuzungushiwa mipaka miwili, kikalindwa kuliko vyote, halafu kikahesabiwa hakimo.

Nyumbani mambo hayakuwa ya kuota. Mzee Hamdani alikuwa ameanza kwenda majini.

Inabidi ieleweke nyumba yao ilikuwa wapi. Haikuwa hapa juu karibu na msikiti wanapopanga vyumba viwili. Ilikuwa chini kabisa, mwaloni wanakoshushia samaki, ambako ukifungua mlango wa uani unaona ziwa lote na milima ya Kongo nyuma yake, siku nyingine iko karibu, siku nyingine haipo. Mzee Hamdani alivua dagaa maisha yake yote, na mkewe akawaanika. Zikija siku za mbalamwezi, wavuvi wasipoingia ziwani kwa sababu dagaa hawafuati taa, baba alikuwa nyumbani, akishona nyavu kivulini, na utoto wa Shadia wote mtamu umo ndani ya siku hizo. Mama akafariki. Miaka michache baadaye ziwa likapanda. Halikuja kwa kishindo. Leo limelamba jiwe la kufulia, kesho limefika kichanjani, wiki nyingine limeingia jikoni na kuketi. Ukuta wa udongo ukalegea, nyumba ikaketi nayo. Sasa pale kuna maji, na shina moja la mchikichi lililokufa, limesimama lenyewe bila kichwa.

Huko ndiko mzee alikokuwa akienda. Anavaa kofia yake vizuri, anashika fimbo, anateremka. Akifika ukingoni hasimami. Anaingia na kanzu yake.

"Shadia, njoo mchukue babako," Verediana alikuwa akipiga simu. Huyu ni mama wa Kiha anayeuza samaki wa migebuka pale mwaloni, mwenye sauti ya kufukuzia kunguru na moyo laini kama mawese ya moto. "Yuko majini tena. Mimi nimemwita, nimempigia na makofi ya salamu kama kwetu, ananiitikia vizuri kabisa na anaendelea kwenda. Mamba hawajui kwamba huyu ni mzee wa watu."

Basi Shadia anafunga duka, anakimbia, anamkuta baba maji yamemfika magotini, anamtoa. Mzee habishi. Anasema tu, "Nilikuwa nyumbani mara moja," na hilo ndilo lililomvunja Shadia moyo kuliko yote.

Aliyeshika rungu katika habari hii alikuwa kaka yake, Mbaraka, mfanyabiashara wa mchele huko Tabora. Mbaraka alikuwa kifungua mimba, na hajawahi kuwaacha watu wasahau. Hata kwenye harusi ya Shadia alisimama kuongea akaanza kwa kusema, "Mimi kama kifungua mimba," akamaliza bila kumtaja bibi harusi. Safari hii alipiga simu, sauti kavu.

"Akili zimeanza kumwacha. Tusidanganyane. Akiingia majini mara moja nyingine, nakuja kumchukua. Huku hakuna ziwa."

"Tabora atakufa, kaka."

"Na huko atazama. Mimi kama mkubwa nimeshaamua."

Shadia alilia, kusema kweli alilia sana, akiwa ameinama kwenye mashine ya kopi, wateja wakidhani ni mafua. Baba bila ziwa hakuweza kumfikiria. Lakini baba chini ya ziwa aliweza, na picha hiyo ilimjia kila alipofumba macho. Ndipo likamjia wazo lake, wazo la mtu anayeota mchana. Kama mzee anataka nyumbani, atamchorea nyumbani. Atauchora ua wote kwa pembe zake, aujaze rangi, auweke mbele yake. Mtu akishaiona nyumba yake ukutani, ataifuata tena majini ya nini?

Shida ni kwamba yeye mwenyewe hakuukumbuka ua kwa vipimo. Ikabidi amuulize mwenyewe.

Walikaa kibarazani, jua la alasiri limelegea, hewa ina harufu ya samaki na ya mvua ambayo haikunyesha. Shadia akafungua laptopu mapajani.

"Shikamoo baba. Leo nataka unitembeze kwetu. Tuanze mlangoni."

"Marahaba. Hatukuanzia mlangoni," mzee akasema. "Mama yako alianzia jikoni, penye makaa."

Shadia akakumbuka. Kila Alhamisi jioni mama aliweka makaa kwenye chetezo, akatia ubani, akauzunguka ua wote akisoma taratibu, moshi ukimfuata. Hivyo ndivyo ule ua ulivyojulikana. Hakuna aliyewahi kuupima kwa futi. Ulikuwa na ukubwa wa njia ya mama na chetezo chake.

Mzee alifumba macho. Mkono wake wa kulia ukainuka kidogo, vidole vimekunjwa kama vimeshika mpini. "Kutoka jikoni, ukutani. Kutoka ukutani, kichanja cha dagaa. Kutoka hapo, jiwe la kufulia. Kutoka kwenye jiwe, mchikichi." Mkono ukapinda kwa ndani, polepole. "Hapo unaingia kidogo. Unazunguka."

"Unazunguka nini, baba?"

"Unazunguka tu. Unaurudia mchikichi. Halafu ndiyo unakwenda kwenye mitumbwi, unapanda na ukuta wa pili, unaingia jikoni."

Shadia alimtazama akaona uzee. Mtu anayetembea kwenye kumbukumbu anajikwaa, akasema moyoni, lazima atazunguka mahali bila sababu. Lakini aliziandika pembe zote kama zilivyotoka kinywani mwake, na kale kazunguko kakiwemo. Kumkata baba maneno hakulelewa hivyo.

Akaiamuru ijaze. Ua ukaenea kwenye kioo, rangi ya udongo uliofagiliwa, na ziwa la samawati likalala pembeni yake, mahali pake pa zamani. Ukapendeza mno, ukawa kama mchana wa siku za mbalamwezi wakati baba yuko nyumbani. Ila karibu na mchikichi palibaki kitundu cheupe. Pale njia ilipojirudia, rangi haikuingia.

Mzee alisogeza uso karibu na kioo. Alitazama muda mrefu. Kisha akaweka kidole gumba juu ya ule weupe, taratibu, mtu anayegusa paji la uso la mgonjwa.

"Ndiyo," akasema. "Ndiyo kwenyewe."

Siku hiyo hakuteremka majini. Alikaa na laptopu mapajani hadi adhana ya magharibi, midomo ikimcheza, na Shadia akiwa jikoni alijipongeza kimyakimya. Alianza hata kupanga maneno atakayomwambia Mbaraka.

Lakini tumeshasema alikuwa na ugonjwa. Kile kitundu hakikumpa raha. Kila akikumbuka picha, jicho linakwenda hapohapo. Na alijua kosa liko wapi. Pale pamezungukwa mara mbili, kwa hiyo maktaba inapahesabu kuwa nje. Tiba yake ilikuwa neno moja tu la kubadilisha, maana maktaba ile ina kanuni mbili, na ya pili haijali sana umevuka mipaka mingapi. Inatazama umezungukwa kwa kuelekea upande gani, na aliyezungukwa mara mbili kwa upande uleule anahesabiwa yuko ndani kabisa. Wiki iliyofuata Shadia akabadilisha neno akiwa dukani. Kitundu kikafumba. Ua ukawa mzima, umejaa, hauna kasoro. Akaichapa kwenye karatasi kubwa, akaipiga plastiki, akaibeba nyumbani ameikumbatia kifuani.

Alimtundikia ukutani, mkabala na kitanda. "Haya baba. Kwetu."

Mzee alitabasamu, akasogea, gumba lake likaenda palepale. Likapapasa. Likarudi, likapapasa tena. Tabasamu likatoka usoni.

"Hapa umeweka nini?"

"Nimejaza, baba. Palikuwa na kosa dogo."

Mzee alikaa kitandani ameipa mgongo ile picha, na Shadia, akidhani ni uchovu, akarudi dukani. Hakumaliza hata kazi ya mteja wa kwanza, simu ikaita.

"Shadia," Verediana alisema, na safari hii sauti yake ilikuwa ndogo. "Leo hasimami magotini. Anazidi kwenda."

Alikimbia ndala zikabaki njiani. Akapita vichanja vya watu, akapita mitumbwi iliyopinduliwa, akamwona baba amefika kiunoni, kofia kichwani, ameshika lile shina la mchikichi kwa mkono mmoja. Verediana alikuwa ameshaingia maji ya vifundoni na kitenge chake kipya, akimwomba Mungu kwa Kiha. Shadia hakusimama kufikiri mamba wala nini. Alijitosa, maji yakampanda mapajani, ya uvuguvugu juu na baridi chini, akaelekea kwa baba kwa njia iliyonyooka.

"Usipite hapo," mzee akasema.

Hakupaza sauti. Aliisema kwa namna aliyokuwa akiisema Shadia akiwa mtoto, na mguu wa Shadia ukasimama wenyewe chini ya maji.

"Zunguka, mwanangu. Pitia huku. Nipe mkono."

Akampa mkono. Wakazunguka pamoja, hatua ndogondogo, mchanga ukiteleza vidoleni, maji yakiwapishana. Walizunguka mahali ambapo hapakuwa na chochote cha kuonekana, wakaurudia mchikichi. Na mwili wa Shadia ukaitambua ile njia kabla akili haijafika, kwa sababu aliwahi kuipita, ameshika kanga ya mama kwa nyuma, moshi wa ubani ukimwingia machoni.

"Umemfunika," baba akasema. "Umemtia rangi ya ua."

"Nani, baba?"

Mzee alitazama maji. "Mtoto wetu wa kwanza. Alizaliwa hakulia. Wazee wakasema asiyelia hapelekwi makaburini, azikwe nyumbani karibu na mama yake. Nikamchimbia mwenyewe, hapa. Mama yako akasema pasikanyagwe. Hata nyinyi mlipokuja hamkupakanyaga, mlidhani ni mchezo wake tu."

"Mbona hamkutuambia?"

"Tungesemaje? Hatukuwahi kumpa jina. Mama yako akasema, mimi nitampitia na ubani kila Alhamisi, inatosha. Alipokuwa anakufa hakuniusia mali, Shadia. Aliniusia hapa." Mikunjo ya uso wake ilikuwa imelowa, na haikuwa maji ya ziwa. "Chetezo hakiwaki majini. Basi nakuja mwenyewe."

Alhamisi. Shadia alisimama pale, akazikumbuka zile simu za Verediana moja moja, duka limejaa watu wanaotaka kadi za harusi za mwisho wa wiki. Zote zilikuwa Alhamisi. Hata ile siku baba aliyotulia na laptopu akicheza midomo, ilikuwa Alhamisi, naye alikuwa akimsomea mwanawe kwenye kioo. Akaona aibu, na huzuni, na pendo la ajabu kwa huyu mzee, vyote kwa pamoja, akamkumbatia kwa nguvu hadi kofia ikadondoka majini na Verediana akaifuata.

Nyumbani alimbadilisha baba nguo, akampa chai ya tangawizi, akamlaza. Kisha akafungua laptopu akarudisha lile neno kama lilivyokuwa. Kile kitundu cheupe kikafunguka tena, kidogo, kimezungukwa pande zote. Alikitazama mpaka machozi yakamtoka, na kwa mara ya kwanza tangu ajifunze ile kazi hakutaka kujaza kitu.

Mbaraka alipiga kabla hajaifunga. Habari zilishamfikia. Mwaloni kila mtu ana simu.

"Nimeambiwa ameingia mpaka kiunoni. Jumamosi niko hapo. Mwandalie nguo zake."

"Baba hajapotewa na akili, kaka."

"Mtu mzima anaingia ziwani na kanzu?"

"Anakwenda kumtazama mtoto wake mkubwa."

"Mtoto wake mkubwa ni mimi," Mbaraka akasema, "nami niko Tabora."

Shadia akavuta pumzi. Kwenye kioo, ziwa la samawati lilikuwa limelala palepale lilipokuwa zamani.

"Hapana, kaka," akasema. "Si wewe."

Magari ya Tabora yakasikika kwenye simu, na mtu akiuliza bei ya mchele, hakujibiwa. Shadia akamweleza yote, taratibu, kuanzia chetezo cha mama hadi mchikichi. Mbaraka hakumkatiza hata mara moja, jambo ambalo halijapata kutokea.

Alipomaliza alidhani simu imekatika. Kisha ikaja sauti ambayo hakuijua, ndogo, isiyo na ukubwa wowote ndani yake.

"Wa kiume au wa kike?"

"Sikuuliza," Shadia akasema. "Njoo umuulize baba mwenyewe. Ila usije Jumamosi, kaka. Njoo Alhamisi."